Deni la Mshindi

Kati ya vitu ambavyo mwanadamu hupenda kuviita vyake peke yake, ushindi ni cha mbele. Mwenye mali hujua kuwa mali imepita katika mikono mingi kabla ya kufika kwake, na mwenye elimu hujua kuwa alifundishwa. Lakini mshindi, akishavikwa nishani, huona kuwa alichonacho kimetoka katika misuli yake na moyo wake tu. Fikira hii yastahili kuchunguzwa, kwa maana ushindi ni kazi ya watu wawili ijapokuwa sifa yake huchukuliwa na mmoja. Atakaye kuujua uzito wa yule wa pili, na aitazame siku ambayo yule wa pili hakufika uwanjani. Waswahili husema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii ni sheria nzuri ya baraza, kwani shauri la mji haliwezi kumngoja kila mtu. Linalobaki kuulizwa ni kama yafaa pia kuwa sheria ya dhamiri.

Mfano mwepesi wapatikana katika michezo ya watoto. Mikocheni, kitongoji cha Dar es Salaam katika Kinondoni, kilipata jina lake kwa mikoche, miti ya jamii ya mitende. Leo majumba, maduka na viwanda vimechukua sehemu kubwa ya mahali hapo, lakini jioni katika vichochoro vyake watoto wawili na raketi mbili waweza kucheza mpira wa vinyoya pasipo wavu wala mistari. Kinyoya chenyewe ni kitu cha ajabu. Kile cha mashindano hufanywa kwa manyoya 16, na uzito wake wote hauzidi gramu 5 na nusu, hata upepo mdogo wa baharini hukipotosha njia. Ndiyo sababu mashindano makubwa ya mchezo huu huchezwa ndani ya nyumba. Mtoto aliye peke yake aweza kuupiga mpira wa miguu ukutani, na ukuta ukamrudishia. Kinyoya hakirudishwi vema na ukuta: aghalabu hugonga kikaanguka. Hurudishwa vema na mtu. Hivyo asiye na mwenzake ana raketi, lakini hana mchezo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja hauchezi vinyoya.

Mchezo huu umemtoa nchini Japani mwanamke ambaye maisha yake uwanjani yana mafunzo mengi kwa swali hili. Nozomi Okuhara alizaliwa mwaka 1995 katika mji wa Omachi, mkoa wa Nagano. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 16, alikuwa bingwa wa taifa lake kwa wanawake, na mwaka 2012 alikuwa bingwa wa vijana wa dunia. Kisha magoti yalimwangusha, akakaa nje ya viwanja kwa muda mrefu, akarudi. Mwezi wa Machi 2016 alitwaa ubingwa wa mashindano makongwe ya Uingereza, ambayo mwanamke wa Japani hakuwa ameyashinda kwa mchezo wa mmoja mmoja tangu mwaka 1977. Mwaka ule ule alikwenda Rio de Janeiro kwa Michezo ya Olimpiki. Katika nusu fainali alishindwa na P. V. Sindhu wa India, ikambakia kucheza na Li Xuerui wa China kugombea nishani ya shaba. Li alikuwa ameumia goti katika nusu fainali yake, hakuweza kucheza. Okuhara akapata nishani, ya kwanza ya Olimpiki kwa Japani katika mchezo huo wa mmoja mmoja, pasipo kupiga hata kinyoya kimoja siku hiyo.

Watu wa mpira wa miguu wa Dar es Salaam wana jina la jambo kama hili: huliita ushindi wa mezani, yaani ushindi uliotolewa na kalamu wala si na miguu. Jina hili lina dharau kidogo ndani yake, na dharau hiyo haikustahili kwa Okuhara. Hakumwumiza Li, wala hakumwomba asije. Kabla ya siku hiyo alikuwa amecheza na kushinda michezo iliyomfikisha hapo. Nishani ilikuwa haki yake kwa sheria, na sheria haikukosea. Hata hivyo mtu mwadilifu huona kuwa hapa pamekosekana kitu, na kitu hicho si haki. Mwamuzi aweza kumpa mchezaji haki. Utukufu hawezi kumpa, kwa sababu utukufu wa mchezo umo mkononi mwa mshindani, naye huutoa kwa kujitahidi kuuzuia.

Mwaka mmoja baadaye jambo hilo lilidhihirika. Tarehe 27 Agosti 2017, mjini Glasgow, Okuhara alikutana tena na Sindhu, safari hii katika fainali ya ubingwa wa dunia. Walicheza kwa dakika 110. Kulikuwa na pigo moja la kupokezana ambalo kinyoya kilivuka wavu mara 73 kabla ya kuanguka. Okuhara alishinda kwa 21–19, 20–22 na 22–20. Katika seti ya mwisho pointi mbili tu ziliwatenga. Nishani ya Rio na nishani ya Glasgow zote ni zake kwa haki. Lakini ya pili imebeba jina la Sindhu ndani yake, na kila anayemsifu Okuhara kwa siku ile hulazimika kumtaja na aliyeshindwa. Si aibu kwa mshindi. Ndiyo thamani ya ushindi wake.

Huenda akatokea mtu akasema kuwa hoja hii ni ya vinyoya tu, ambapo wawili hupokezana, na kuwa mkimbiaji hukimbia peke yake, mshindani wake ni saa. Tanzania ina jibu la neno hili. Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, alikimbia mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974. Alitangulia tangu mwanzo, hakumfuata mtu, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Yaonekana kwamba hapo hakumhitaji mtu. Lakini nyuma yake alikuwako John Walker wa New Zealand, akikimbia mbele ya watu wa nchi yake, naye alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.5, chini ya rekodi ya zamani kadhalika. Anayekimbia mbele hamwoni mshindani kwa macho, lakini humsikia. Saa hupima tu, haimfukuzi mtu. Mwaka 1975 Bayi aliweka rekodi ya maili kule Kingston, Jamaika, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Walker akaivunja, akawa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Kila mmoja alikuwa jiwe la kunolea kisu cha mwenziwe.

Dunia ilitazamia kuwaona pamoja mjini Montreal mwaka 1976. Haikuwaona. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi ya ubaguzi wa rangi, katika mwaka ambao wanafunzi wa Soweto walipigwa risasi. Mataifa ya Afrika yalitaka New Zealand isishiriki Olimpiki. Wakuu wa Olimpiki wakajibu kuwa raga haimo katika michezo yao. Mataifa zaidi ya 20 ya Afrika yakasusia, na Tanzania ikiwamo. Nchi iliyoongozwa na Mwalimu Julius Nyerere, ambaye nyumba yake ilikuwa Msasani, jirani na Mikocheni, haikuweza kuhesabu jambo la Soweto kuwa la watu wengine. Walker alishinda mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 39.2. Bayi hakukimbia.

Hapa swali lageuka kuwa zito. Li Xuerui alizuiwa na goti lake. Bayi alizuiwa na uamuzi. Je, taifa lina haki ya kutoa sadaka miaka ya kijana? Mtu akitoa kilicho chake huitwa mkarimu. Akitoa kilicho cha mwenziwe, jina jingine hutafutwa. Mwanariadha hana maisha marefu uwanjani: mwanasiasa wa miaka 40 bado ni kijana katika kazi yake, lakini mkimbiaji wa miaka 30 huanza kuhesabiwa kuwa mzee. Michezo ya Olimpiki huja kila baada ya miaka minne, na iliyopita haimrudii aliyeikosa. Wasifuo ususiaji ule wasisahau kwamba hotuba zilitolewa na ndimi nyingi, lakini gharama ililipwa na miguu michache.

Pamoja na hayo, uamuzi wenyewe ulikuwa na maana ambayo huonekana vema mtu akiirudia hoja ya kwanza. Ubaguzi wa rangi katika michezo ulikuwa nini? Ulikuwa utaratibu wa kutengeneza mabingwa kwa kuwafungia nje washindani. Bingwa wa Afrika Kusini wa siku zile alitangazwa kuwa bora katika nchi ambayo watu wake walio wengi hawakuruhusiwa kusimama naye kwenye mstari mmoja. Ule ndio ushindi wa mezani ulio mbaya kuliko wote, kwa kuwa mshindani hakukosekana kwa ajali wala kwa hiari, bali alikataliwa kuwa ni mshindani. Aliyesusia Montreal aliacha shindano moja ili kulinda sharti la mashindano yote, yaani kwamba yeyote awezaye na aje. Kwa hiyo kutofika kwa Bayi hakukuwa sawa na kutofika kwa mtu aliyeogopa. Kulikuwa ni namna ya kuwasemea wale ambao kutofika kwao hakukuandikwa mahali popote.

Lakini haki haipimwi kwa mizani miwili. Wako wasemao kuwa dhahabu ya Walker ni tupu, kwa sababu Bayi hakuwapo. Walker hakuipanga ziara ya raga, na aliwashinda wote waliofika. Tena, mwaka 1980 Bayi alikwenda Moscow, akakimbia mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza sehemu kubwa ya mbio ile, hata Bronisław Malinowski wa Polandi akampita karibu na mwisho, naye Bayi akapata nishani ya fedha. Siku zile Suleiman Nyambui alipata ya fedha pia katika mita 5000. Hadi kumalizika kwa Michezo ya Paris mwaka 2024, hizo mbili zilikuwa nishani pekee za Tanzania katika Olimpiki. Lakini Moscow nayo ilisusiwa, kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan. Kenya, iliyoshinda mbio hizo hizo za viunzi mwaka 1968 na 1972, haikwenda. Henry Rono, Mkenya aliyekuwa na rekodi ya dunia tangu mwaka 1978, hakuwako kwenye mstari. Anayesema dhahabu ya Walker ni tupu hana budi kusema hivyo pia juu ya fedha ya Bayi; na asiyekubali kuidharau ya Bayi, na ampe Walker heshima ile ile.

Hukumu iliyo sawa, basi, ni hii: kila ushindi ni ushindi juu ya waliokuja, na kila ushindi una pengo la wasiokuja. Wengine walizuiwa na ugonjwa, wengine na umaskini, wengine na serikali zao, na wengine hawakupata hata siku moja kushika raketi au kuvaa viatu vya mbio. Pengo hilo haliibatilishi nishani. Humwekea mshindi deni. Deni hilo halilipwi kwa kuitupa nishani wala kwa kuinamisha kichwa. Hulipwa kwa kukiri, kwa kumtaja mwenziwe, na kwa kuufungua mlango ili atakayekuja kesho akute nafasi. Bayi baadaye alijenga shule, ambamo watoto husoma na kufundishwa michezo. Kazi ya namna hii ni malipo mazuri kwa mtu ambaye mlango mmoja ulifungwa mbele yake.

Na taifa nalo lina deni lake. Lililomwomba kijana aweke kando siku yake kubwa kwa ajili ya haki ya wengine halikufanya dhambi kwa kuomba. Litafanya dhambi likisahau. Afrika Kusini ilirudi katika Olimpiki mwaka 1992, na wanamichezo wake wa rangi zote waliandamana pamoja. Katika furaha ile mlikuwamo fungu la watu ambao hawakuwa na nishani ya kuonyesha kwa mwaka 1976. Methali yasema asiyekuwapo na lake halipo. Barazani na iendelee kutumika. Lakini katika dhamiri ya wenye haki, wapo wasiokuwapo ambao lao lipo, na ni kubwa.