Pumziko la Nyumba ni la Nani?

Sisi wa Kama hatukanyagi theluji. Ile ya Kongo yetu iko mbali, juu kabisa ya mlima Ruwenzori. Lakini ndugu zetu wengine waliokimbia vita wanakaa leo Uswidi, inchi ya baridi kali, ambako theluji hufunika njia na mapaa ya nyumba.

Huko watoto wa shule hupewa juma moja la mapumziko katika mwezi wa pili au mwanzo wa mwezi wa tatu, kila upande wa inchi kwa zamu yake. Hupumzika tena wakati wa Pasaka, majira ya baridi yanapokwisha. Wazazi wanaoweza huomba likizo siku zile zile. Baba, mama na watoto huenda milimani, wakajifunga mbao nyembamba miguuni na kuteleza pamoja juu ya theluji.

Mtu atasema: «Hayo ni mambo ya matajiri.» Angoje kidogo. Juma lile la baridi lilianza mwaka 1940, wakati wa vita kuu ya pili. Makaa ya kupasha moto mashule yalikuwa haba, basi mashule yakafungwa juma moja ili makaa yasiishe, na watoto wakatafutiwa michezo. Vita ikaisha, desturi ikabaki. Kumbe pumziko lile lilizaliwa katika upungufu.

Sasa tujiulize. Kwetu, siku ya Mungu, Misa ikiisha, nani anapumzika? Baba anakaa kivulini na rafiki zake, kibuyu cha malafu katikati. Kijana anakwenda kutazama mpira. Na mama? Anatwanga sombe, anachota maji, anatafuta kuni, mtoto mgongoni. Jioni baba anasema: «Leo tumepumzika.» Akina nani? Waswahili husema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Amri ya Mungu juu ya siku ya pumziko haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inataja mwana na binti, mtumishi na mjakazi, hata mifugo. Je, aliyeagiza mnyama apumzike, alimsahau mama wa watoto?

Utajibu: «Asipopika, tutakula nini?» Ni neno la kweli, njaa haijui siku ya Mungu. Hata Uswidi chakula hakijipiki. Mama akibaki jikoni juma zima kule mlimani, hakupata likizo. Amehamisha jiko tu. Lakini kazi isiyoweza kuachwa yaweza kugawanywa. Siku ya posho vijana wapasue kuni na kujaza mabidoni. Kesho yake baba ampokee mtoto mgongoni mwa mama, naye mama akae kivulini bila kuitwaitwa.

Juma zima la likizo wengi wetu hatuliwezi. Saa moja tunaiweza. Baba msomaji, siku ya Mungu ijayo usiseme «tumepumzika» kabla ya kumwuliza mama wa watoto.