Kupona Mara Mbili

Basi likipinduka, aliyetolewa akiwa hai tunasema amepona, hata kama mguu umevunjika na bado analia. Mgonjwa wa malaria akimaliza dozi, akaamka na njaa, naye tunasema amepona. Neno ni moja, mambo ni mawili: kuponea kifo, na kurudi ulivyokuwa. Kwa maradhi tuliyoyazoea mambo hayo hufuatana kwa siku chache, ndiyo maana hatukuhitaji kuyatenga. UVIKO-19 uliyatenga.

Mfikirie mama wa kata ya Mukendo, pale Musoma, anayechuuza dagaa. Simsemi mtu fulani. Ni mfano tu. Mapema 2021 kifua kilimbana. Takwimu za Tanzania zilikuwa zimesimama tangu Mei 2020, kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na watu walisema tu changamoto ya upumuaji. Akajifukiza nyungu, akanywa tangawizi na malimau, homa ikashuka. Majirani wakamshukuru Mungu: amepona. Miezi mitatu baadaye anatua beseni kila baada ya nyumba chache ili avute pumzi. Pua iliyokuwa ikimwonyesha dagaa walionyeshewa wakiwa mchangani, wakaanza kuvunda, haimwambii kitu. Akiulizwa hujambo, anajibu sijambo. Ajibu nini tena? Ugonjwa wenyewe haukupimwa wala kuandikwa popote. Atadai vipi kwamba haujaisha, ilhali hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba ulianza?

Ni nani basi mwenye haki ya kutamka kwamba fulani amepona? Jirani anamwona yuko sokoni. Daktari anasikiliza mapafu. Umbali kati ya beseni la jana na la leo anaujua yeye peke yake. Wapo watakaosema ni uvivu, au umri, au hofu. Nakubali kwamba chanzo hakijui kwa kujihisi tu. Huenda ni kifua kikuu, huenda ni moyo, na inampasa apimwe. Lakini kutojua chanzo hakumfanyi asijue hali yake. Hata duniani, wagonjwa ndio waliotangulia kuisema hali hii ya kutopona kabisa katikati ya 2020, wakaipa na jina. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake rasmi Oktoba 2021, likitaja dalili zinazoonekana kwa kawaida miezi mitatu tangu mtu augue na kudumu angalau miezi miwili.

Kiswahili kina neno la kumstahi mtu huyu: nafuu. Mwenye nafuu hajafa, wala hajarudi. Tumelifanya neno la kupitia tu, kama kituo cha basi, wakati wapo wanaoishi humo kwa miezi, wengine miaka.

Ukimkuta pale Mukendo, usimwambie amepona. Muulize leo ametua beseni mara ngapi, kisha msubiri amalize kujibu.