Mikono ya Mtoto ni Kipawa cha Mungu

Somo: Kutoka 35:30–35



Halmashauri ya mtaa ilipokaa kusoma hesabu ya Shule ya Jumapili, mzee wetu mmoja aliuliza: kwa nini fedha ya sadaka inunue penseli za rangi na karatasi, na huku paa la kanisa linavuja? Swali lake ni la haki, maana sadaka ni mali ya Mungu na kila senti ina hesabu yake. Tena wako wazazi wanaouliza hivyo hivyo nyumbani: "Mwanangu nimempeleka shule akasome, mbona anachora mbuzi?" Basi leo na tutafute jibu katika Neno la Mungu.

Wana wa Israeli walipokuwa Misri walifyatua matofali. Kila siku hesabu ile ile, na msimamizi yuko nyuma yao na fimbo. Mtumwa hakuulizwa anaona nini wala anawaza nini. Aliulizwa hesabu tu. Kisha Mungu akawatoa, na kule jangwani akawaagiza kazi ya namna nyingine kabisa: hema yenye mapazia ya samawi, zambarau na nyekundu, kinara cha dhahabu chenye mfano wa maua ya mlozi, vazi la kuhani lenye makomamanga kwenye pindo. Mikono iliyozoea matope ikaitwa kufanya kazi ya uzuri.

Ni nani aliyewekwa juu ya kazi hiyo? Ni Bezaleli wa kabila ya Yuda, pamoja na Oholiabu wa kabila ya Dani. Hawa hawakuwa manabii wala makuhani, walikuwa mafundi. Hata hivyo Maandiko yanatuambia kwamba Bezaleli alijazwa Roho ya Mungu, apate akili na ujuzi wa kuchonga mbao, kukata vito na kubuni kazi za kila namna. Tena angalieni mstari wa 34: Mungu aliwapa wawili hao moyo wa kuwafundisha wengine. Kipawa kisichofundishwa hufa pamoja na mwenyewe.

Labda mtu atasema, "Padre, je, Amri ya Pili?" Ndugu yangu, Mungu aliyekataza sanamu katika Kutoka 20 ndiye aliyeagiza makerubi wa dhahabu katika Kutoka 25. Alichokataza ni kuiabudu kazi ya mikono yetu. Hakuikataza mikono isifanye kazi.

Sasa, mtoto anapata faida gani?

Kwanza, anajifunza kutazama. Mwambie mtoto achore mbuzi. Mbuzi anamwona kila siku, hata anamchunga. Lakini akishika penseli anakwama. Pembe zinaanzia wapi? Miguu ya nyuma inakunjwa upande gani? Atainuka aende bandani akatazame upya. Mtoto aliyezoea kutazama hivyo, kesho ataliona jani la muhindi lililoanza kuugua, na ataona huzuni usoni pa mwenzake. Bwana wetu mwenyewe aliwataka wanafunzi wake wayaangalie maua ya kondeni na ndege wa angani, wapate kumjua Baba.

Pili, anajifunza saburi. Binti anayefundishwa na bibi yake kusuka ukili anajua kwamba kosa la mwanzo litaonekana mpaka mwisho wa mkeka. Hana budi kufumua na kuanza tena. Kijana anayeunda gari la waya atashinda kutwa akilinganisha magurudumu. Huko ndiko kunakoanzia ushonaji, useremala na uashi. Basi anayeuliza kama sanaa inaleta ugali, amejibiwa.

Tatu, anapata njia ya kusema yale yasiyosemeka. Mtoto aliyefiwa na mama yake hana maneno, ukimwuliza, atanyamaza. Mpe karatasi, ukae karibu naye. Akichora, usimsahihishe. Mwambie tu, "Nieleze picha yako," kisha usikilize. Wengi wetu tumesali miaka mingi kwa machozi pasipo maneno, na Mungu alitusikia. Na sisi tujifunze kuwasikia wadogo.

Tena sanaa humhubiri Kristo. Huko Murang'a, nchini Kenya, liko kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1959 Elimo Njau alichora humo picha tano kubwa ukutani: kuzaliwa kwa Bwana, ubatizo wake, karamu ya mwisho, Gethsemane, na msalaba. Watu katika picha hizo ni Waafrika, na nchi ni ile ile ya vilima inayoonekana nje ya mlango. Katika mahali palipojaa misiba, waumini walionyeshwa kwamba Mwokozi alikuja kwao. Njau alizaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere, ambako Margaret Trowell alikuwa ameanzisha mafundisho hayo katika miaka ya 1930. Kipawa kilikuwapo, na mwalimu akawapo.

Lakini tujihadhari tusiwarudishe watoto kwenye matofali ya Misri. Mwalimu akichora ua moja ubaoni, na watoto arobaini wakalinakili lile lile kwa rangi ile ile, hapo tumehesabu matofali. Kila mtoto na achore ua aliloliona yeye.

Kuhusu fedha, sitamficha mzee wetu: paa lazima liezekwe, na mchango wake unaendelea. Lakini kazi hii haihitaji fedha nyingi. Makaa ya jikoni yanachora. Udongo wa mfinyanzi uko mtoni. Karatasi zilizoandikwa upande mmoja tu ziko ofisini. Tunachokosa ni akina Oholiabu. Kwa hiyo nawaomba mama zetu wasukaji na wafinyanzi, na baba zetu maseremala, mjitolee Jumapili moja kila mwezi, baada ya Ibada, mkae na watoto wetu saa moja. Nanyi wazazi, mtoto akikuletea picha yake, usimcheke, wala usiitumie kuwashia moto kabla hujamwuliza ni nini.

Ee Mungu, uliyemjaza Bezaleli hekima, wabariki watoto wa mtaa huu, macho yao na mikono yao. Utupe sisi wazazi moyo wa kufundisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyefanya kazi ya useremala kwa mikono yake. Amina.