Tai Hang'oi Mdomo Wake

Mwaijua hadithi ya tai isimuliwayo arusini, katika mahafali, na hata mimbarini. Husemwa ya kuwa tai akitimiza miaka 40 hupanda mlimani, akaupiga mdomo wake mwambani mpaka ung'oke, akajinyofoa kucha na manyoya, akangoja siku 150. Ndipo huota upya, akaishi miaka 30 mingine. Nasi tuliwahi kuihubiri. Ilikuwa mahafali ya shule moja wilayani Kyerwa, na watu walipiga makofi, ila msichana mmoja alitujia baadaye, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Siku zote hizo yule ndege alikula nini?"

Asingalikula kitu, angalikufa. Mdomo wa tai ni mfupa uliovikwa gamba lifananalo na ukucha. Gamba hilo hukua daima na kulika kwa kutumika, lakini mdomo uliong'oka shinani haurudi.

Wako wasemao: Pana ubaya gani, maadamu mlevi mmoja ameisikia akaacha pombe? Je, Bwana wetu hakufundisha kwa mifano? Naam, alifundisha; lakini walioambiwa habari za mwana mpotevu walijua ya kuwa ni mfano, wala hakuna aliyekwenda kuitafuta nyumba ya baba yule. Hadithi ya tai hutolewa kama habari ya kweli ya viumbe. Mtakatifu Augustino, katika kitabu juu ya uongo alichokiandika karibu na mwaka 395, hakuuruhusu uongo hata katika kufundisha dini. Mtoto akigundua ya kuwa Padre amemdanganya juu ya ndege awezaye kumtazama kwa macho, kwa nini amsadiki juu ya Ufufuko?

Tena, amfanyaye ndege kuwa mwalimu wa maadili awe radhi kuyasikia mafundisho yake yote. Tai mweusi wa majabalini kwa kawaida hutaga mayai mawili. Kifaranga wa kwanza humdonoa mdogo wake mpaka afe, ijapokuwa nyama imejaa kiotani. Wataalamu wameliita jambo hilo kwa jina la Kaini. Hatujalisikia likihubiriwa arusini.

Hata hivyo Zaburi ya 103 (ndiyo ya 102 kwa hesabu ya vitabu vyetu vya zamani) yataja ujana ufanywao upya kama wa tai, na Zaburi haisemi uongo. Mtazameni furukombe kando ya mto Kagera, huku mpakani na Rwanda. Manyoya yake makuu hudondoka machache machache, na mapya huota mahali pao. Kwa tai wakubwa kazi hiyo yaweza kupita mwaka mzima. Wakati wote huo yeye huruka, huvua samaki, hulisha watoto wake. Hakuna ajuaye ya kuwa anafanywa upya. Baba atakaye kuacha pombe hana haja ya mlima wa kukimbilia, wala ya kuingoja siku moja kubwa. Anayo Jumamosi hii, kiti cha kitubio, na watoto wanaomngoja kwa chakula cha jioni.

Tumealikwa tena katika shule ile. Tutaanza kwa kulijibu swali la msichana.