Elimu ya Uongozi Hupimwa Nyumbani

Wazazi Wakristu, na ninyi vijana mliomo vyuoni, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo linalogusa nyumba nyingi katika nchi yetu, nalo ni elimu ya uongozi.

Tuchukue Kitandililo, kata iliyo katika mji wa Makambako, mkoani Njombe. Kijana wa huko akipata nafasi ya chuo, jamaa nzima huchanga. Baba huuza mahindi au viazi, mama hutoa akiba yake ya maharagwe, na mjomba hukata miti yake kabla haijakomaa. Kisha kijana hufika Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, akaondoka kwa basi au kwa gari moshi la TAZARA. Baada ya miaka miwili au mitatu hurudi na cheti. Je, ni nini kilichokua ndani yake?

Kujua maneno ya uongozi siyo kukua. Mtu aweza kueleza vizuri jinsi ya kuendesha mkutano, kugawa kazi na kutunza fedha, naye moyoni akabaki yule yule asiyevumilia kukosolewa. Wana wawili wa Zebedayo walisoma kwa Mwalimu aliye mkuu kuliko wote, na bado waliomba viti vya heshima, mmoja kuume na mwingine kushoto. Bwana wetu hakuwafukuza. Aliwafundisha kwamba anayetaka kuwa mkubwa hana budi kuwatumikia wengine; na usiku wa karamu ya mwisho aliwaosha miguu, ili somo hilo walione kwa macho.

Nchi yetu nayo ina mfano wake. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, kama wale waliotoka katika vyama vya ushirika, vyama vya wafanyakazi na TANU. Walifundishwa uchumi, siasa na historia, si ili wakae juu ya wenzao, bali warudi kuwatumikia. Tangu mwaka 2005 chuo hicho huitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere.

Na Mwalimu mwenyewe alisoma mbali. Alihitimu Edinburgh mwaka 1952. Aliporudi kwao Butiama alichanganya udongo na kujenga nyumba kwa mikono yake, na watu walistaajabu kumwona msomi akifanya kazi ile. Januari 1962, majuma sita tu baada ya Uhuru, aliacha Uwaziri Mkuu akaenda kukijenga chama kati ya wananchi. Mwaka 1985 aliacha Urais kwa hiari yake. Hatusemi kwamba hakukosea. Twasema kwamba elimu haikumfunga kitini.

Basi, wazazi, mtamjuaje kijana aliyekua? Mtazameni anaporudi. Je, anamsikiliza mzee asiyejua kusoma hadi mwisho wa neno lake? Akikabidhiwa fedha za jumuiya au za ushirika, je, daftari lake li wazi kwa kila mwanachama? Muda wake ukiisha, je, anampisha mwingine bila manung'uniko? Hayo ndiyo matokeo ya mtihani, wala hayaandikwi katika cheti.

Lakini yafaa tuseme pia neno gumu kwenu ninyi wazazi. Mara nyingi kijana hurudi na moyo safi, nasi nyumbani ndio tunaouchafua. Twamkumbusha miti iliyokatwa na mahindi yaliyouzwa. Twamwuliza kwa nini mwana wa jirani, mwenye cheo kama chake, amekwisha kujenga nyumba ya bati na kununua gari. Hatumwambii aibe, twamwonyesha tu kwamba mshahara wake halali haututoshi. Hivyo sadaka ya wazazi hugeuka kuwa deni, na deni hilo humsukuma kijana kutia mkono katika mfuko wa watu. Siku ya kufikishwa mahakamani, je, sisi tutasema kwamba hatukuhusika?

Ni wajibu wa mtoto kuwatunza wazazi wake. Amri ya Nne yatufundisha hivyo. Awatunze, lakini kwa jasho lake mwenyewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayo hayaishi siku ya kupokea cheti.

Kwa hiyo, kijana wenu atakaporudi likizo, mpeni jembe aende shambani pamoja nanyi. Jioni, baada ya sala ya jamaa, mwambieni wazi kwamba mlichotoa mlikitoa kwa mapendo, na kwamba malipo mnayoyataka ni jina lake kubaki safi. Neno hilo moja litamlinda mbele ya fedha za watu.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu, na awajalie watoto wenu moyo wa kutumikia.