Yusufu Aliamka Usiku

Katika Injili zote 4 hatusikii hata neno moja kutoka kinywani mwa Yusufu wa Nazareti. Tunaona alichofanya tu. Mathayo, sura ya 2, anatuonyesha seremala huyu akikatiza usingizi na, usiku uleule, kumtorosha mtoto Yesu na mama yake hadi Misri, kwa kuwa mfalme Herode alitaka kumuua mtoto. Wala hakuwa mtoto wa damu yake. Hilo hunigusa kila nisomapo.

Nawe baba unayenisikiliza ukifunga kamba za viatu, wanao bado wamelala. Rudi chumbani kwanza. Mwekee kila mmoja mkono kichwani, umtaje kwa jina mbele za Mungu. Kisha uende kazini.