Rubani Aliyeghairi

Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 na kumegwa hasa kutoka Shinyanga, ni nchi ya uwazi. Kutoka Bariadi kuelekea mashariki mashamba ya pamba huishia kwenye Pori la Akiba la Maswa na mbuga ya Serengeti, na upepo hupata uwanja mpana wa kuvuma. Alfajiri hewa hutulia. Jua likipanda, ardhi hupata moto, na upepo huanza kuja kwa mikupuo. Katika saa hizo ndege ndogo inayotaka kutua kwenye kiwanja cha changarawe, huku upepo ukiipiga ubavuni, huwa mtihanini.

Rubani hulilaza bawa la upande utokako upepo, akakanyaga usukani wa mkia kinyume ili pua ifuate njia, na gurudumu la upande huo likatangulia kugusa ardhi. Upepo ukiwa wa kawaida, hilo ni la kujifunza. Ukizidi na kulegea kabla mkono haujajibu, ndege husukumwa kando. Gurudumu huvunjika, au bawa hugonga chini, au chombo huacha njia. Abiria walioketi nyuma hawana usemi katika jambo hilo.

Kitabu cha Cessna 172S hutaja upepo wa ubavuni wa noti 15, yaani karibu kilomita 28 kwa saa. Wengi huidhani namba hiyo kuwa mpaka. Sivyo, ni upepo ambao ilionyeshwa katika majaribio kwamba ndege iliweza kutua ndani yake. Kama mkono wa rubani huyu unatosha leo, kitabu hakisemi.

Basi wachukuliwe marubani wawili waliofika juu ya kiwanja kimoja kwa upepo mmoja, kila mmoja na daktari ndani, na mgonjwa akingoja chini. Wa kwanza hutua. Ndege huyumba, husimama salama, naye hushangiliwa. Wa pili huongeza nguvu ya injini, hupaa tena, huenda kutua Mwanza. Wa kwanza ana ushahidi: ndege ile pale. Wa pili hana, maana ajali aliyoiepuka haikutokea. Huenda angetua salama. Hawezi kujua kamwe, na waliomngoja hunung'unika.

Wakulima wa pamba hawana mshangao na hukumu ya namna hii: aliyepanda mapema huitwa hodari mvua ikija, na mjinga ikikawia, ingawa mbegu na siku ni zile zile. Na tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyochukua watu 43 ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba katika hali mbaya ya hewa, watu 19 walikufa. Ndege ile ilikuwa kubwa zaidi, wala kisa chake si hiki. Lakini swali la kwa nini rubani hakugeuka huulizwa aghalabu baada ya msiba. Aliyegeuka huulizwa kwa nini hakutua.

Mgonjwa si hoja ya kupuuzwa. Tangu mwaka 1957, madaktari warukao kwa ndege walipoanza kazi Afrika Mashariki, imejulikana kwamba kuchelewa nako huua. Walakini rubani hupimwa kwa aliyoyajua mkono wake ulipokuwa kwenye usukani, naye alijua kwamba mkupuo ujao ungeweza kumzidi, na kwamba daktari aliyevunjika hamtibu mtu.

Alfajiri hewa ikitulia, rubani wa pili hurudi. Akimkuta mgonjwa hai, hakuna atakayemsifu. Akimkuta amekufa, alichokitenda jana kilikuwa haki vile vile, ingawa ni vigumu kulisema neno hilo mbele ya wafiwa.